Ziwa Lilikuja Matangani

Ziwa lilifika Marungu Jumatano asubuhi, wakati wanawake wa matanga walipokuwa wakichambua pojo. Pojo za msimu ule zilikuwa na mawe mengi, kwa sababu zilipurwa kandokando ya barabara, na Tryphena, mama wa marehemu, alikuwa amesisitiza apewe ungo na yeye. Alisema mikono ikikaa bure inafikiria.

Wa kwanza kuliona alikuwa wifi yake, Elsie, aliyekuwa akikoroga chai kwenye mafiga. Aliona maji yakija polepole kwa njia ya ng'ombe kutoka upande wa Mwatate, yakipita katikati ya miiba bila kuvunja tawi. Mbuzi wa jirani walisogea pembeni. Elsie alipunguza kuni, akafuta mikono kwenye leso, akasema, "Ondoeni hizo sufuria hapo. Kuna mgeni."

Wanawake waliondoa sufuria. Ziwa liliingia uani, likazunguka hema, likazunguka kaburi la mume wa Tryphena aliyetangulia miaka mingi, likazunguka pia shimo jipya lililochimbwa kando yake, ambalo lilikuwa bado halina mtu. Kisha likakaa shambani, pale mahindi yalipokuwa yamekaukia. Lilikuja nusu tu, na nusu ya ziwa si kitu kidogo, lakini mgeni wa matanga hukaa panapopatikana. Lilijikunja.

"Hili si lile la Chala?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Ndilo," alisema Elsie. "Sasa ulitaka lisije? Kijana si alifia kwake?"

Tryphena hakuinua kichwa mpaka alipomaliza ungo wake. Kisha alilitazama, na mawimbi madogo yaliyokuwa yakichezacheza ukingoni yakatulia.

Jirani aliyeshika kipaza sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kutambulisha wageni, alisafisha koo. "Tunatambua pia uwepo wa ziwa, ambalo limetoka mbali kuwa pamoja na familia," alisema. Watu walipiga makofi machache, yale ya msibani. Spika ikaendelea na nyimbo za kanisa.

Marehemu aliitwa Sylus. Alikuwa fundi wa simu mjini Voi, kwenye kibanda kisichokuwa mbali na stendi. Voi ni mji wa vumbi na malori, na mtu akimaliza wiki nzima pale hutamani kutazama kitu kinachong'aa ambacho si bati. Kwa hiyo Sylus na rafiki yake Lynn, aliyekuwa akiuza katika duka la dawa, walianzisha kikundi cha kutembea Jumamosi. Walipanda kilima cha Sagalla. Walipanda Vuria wakanyeshewa na ukungu. Walienda ziwa Jipe wakatazama viboko kwa mbali na kula samaki kwa karibu. Chala waliliacha mwisho, kwa sababu kila aliyewahi kufika huko alisema ukishaliona, mengine yote utayaona madimbwi.

Huko Chala kulikuwa na kamati ya burudani ya ziwa, na mwenyekiti wake alikuwa mtu mmoja aliyeitwa Gilbert, mwenye ofisi Voi na kiti kinachozunguka. Kamati ilikuwa na mashua. Ilikuwa pia na jaketi za kuelea, mpya, za rangi ya machungwa, ambazo wafadhili walizitoa baada ya kupigwa picha nazo. Jaketi hizo zilikaa katika stoo, zikiwa bado ndani ya plastiki zake, kwa kuwa hazikuwa zimezinduliwa. Mgeni rasmi alikuwa ameahirisha, akaahirisha tena. Na kule kitu cha umma ambacho hakijazinduliwa hakiguswi. Kuna shule moja ilikuwa na tangi la maji lililojaa, utepe mwekundu umefungwa kwenye bomba lake, na wanafunzi wakiendelea kuja na maji kutoka nyumbani. Hakuna aliyeona ajabu.

Sylus alimwuliza mweka stoo, mwanamume mpole aliyeitwa Bonface. "Buda, si utupatie hizo laifu jaketi? Tunaziona hapo dirishani."

"Ziko, lakini bado hazijafunguliwa," Bonface alisema. "Wewe kaa tu katikati ya mashua. Usicheze."

Sylus alikaa katikati na hakucheza. Upepo uliteremka kutoka kwenye ukuta wa mawe upande wa pili, mashua ikageuka. Wengine waliogelea hadi kwenye miamba. Lynn alishika kasia akavutwa na wenzake hadi kwenye miamba. Sylus alikuwa amekulia Marungu, ambako maji hufika kwa mtungi juu ya bodaboda, na hakuwa amewahi kukutana na maji ya kuogelea. Wapiga mbizi walimtafuta mpaka wakachoka. Kamati ilituma shada la maua lenye jina la kamati kwenye utepe.

Ilijulikana baadaye jinsi ziwa lilivyosafiri. Liliondoka upande wa Kenya peke yake. Upande wa Tanzania ulibaki mahali pake, kwa kuwa mashua haikuwa imevuka mpaka, na hadi leo umesimama wima pale kama mkate uliokatwa, samaki wakifika ukingoni na kugeuka. Ule uliohusika ulifuata barabara ya lami kupitia Maktau. Kwenye kizuizi cha polisi ulisimama kama chombo kingine chochote. Askari aliuliza unaenda wapi, akaloweshwa viatu, akaelewa kwamba ni mambo ya msiba, akavuta miiba ya chuma pembeni.

Kwa Wadawida, yaani Wataita, hasira iliyobaki moyoni mwa mtu ndiyo inayofunga njia, ya wazima na ya wafu. Haijalishi ni hasira ya aliyekosa au ya aliyekosewa. Dawa yake ni kutasa. Mtu hujaza mdomo maji, au pombe ya miwa kama ni wa zamani, huyapuliza nje mbele ya watu, na kilichokuwa moyoni hutoka nayo. Baada ya hapo husema maneno mema na mambo huendelea. Elsie alikuwa mama wa kanisa mwenye kitambaa na beji, kwa hivyo alitumia maji matupu, na mchungaji kila mara alipata simu ya kupokea pembeni.

Jioni hiyo ya Jumatano, watu wakiwa wameshiba pojo, ziwa lilivuta pumzi. Lilijaa katikati kama shavu, likakaa hivyo kwa muda, kisha likapuliza. Matone yaliangukia hema, viti vya plastiki, vitabu vya nyimbo na simu za watu. Hakuna aliyekimbia. Elsie alijifuta uso.

"Limetasa," alisema. "Limetasa vizuri kuliko wajomba zenu wengine. Tumepokea."

Maji yalipotulia, Sylus alionekana. Alikuwa mbali, chini kabisa, lakini maji ya Chala ni safi, na Tryphena alimwona amelala ubavu mmoja, mkono chini ya shavu, kama alivyokuwa akilala utotoni. Wanaume wanne waliingia kumchukua. Walitembea wakaogelea na kadiri walivyokwenda hakukaribia. Walirudi wakitetemeka, wakapewa chai.

"Bado kuna hasira mahali," Elsie alisema. Alimgeukia wifi yake. "Mama Sylus, ni yako?"

"Iko," Tryphena alisema.

"Itoe basi."

Tryphena alipewa kikombe. Alijaza mdomo, akatazama ziwa kwa muda mrefu kuliko kawaida, akapuliza. Alisema, "Hukumwita. Alikuja mwenyewe akikupenda. Nakuachilia." Sylus alisogea. Ulikuwa mwendo mdogo, wa mtu anayejigeuza usingizini, lakini kila mtu aliuona.

Kesho yake Bonface alikuja kwa bodaboda kutoka Taveta, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyemwita. Alisema tangu siku ile anapofungua stoo asubuhi jaketi zote humgeukia. Alipiga magoti mbele ya Tryphena.

"Mama, ufunguo ulikuwa kwa mfuko wangu. Hapa. Ningenyoosha mkono tu."

"Kwa nini hukunyoosha?"

"Niliogopa kufutwa kazi. Nina watoto."

"Mimi nilikuwa naye mmoja," Tryphena alisema, bila ukali, kama mtu anayejibu swali la sensa. Elsie alimpa Bonface maji. Alipuliza kwa nguvu mpaka akakohoa. Sylus alipanda tena, safari hii mpaka mahali ambapo mtu mrefu angesimama na maji yakamfika kifuani. Shati lake la buluu lilionekana mistari.

Wanaume waliingia tena. Walimgusa. Mmoja alisema alishika kiatu, lakini kiatu kilikuwa kizito kama jiwe la msingi.

"Amebaki mtu mmoja," Elsie alisema, na hakuna aliyeuliza ni nani.

Tryphena na Elsie walipanda gari asubuhi, wakaenda Voi katika ofisi ya mwenyekiti. Walikaa kwenye benchi chini ya picha kubwa ya jaketi za kuelea zikiwa zimeshikwa na watu waliovaa suti. Gilbert aliwapokea vizuri. Alisimama, akawaita mama zangu, akaagiza soda.

"Nilihuzunika sana," alisema. "Nilituma maua."

"Tuliyaona," Elsie alisema. "Mbuzi pia waliyaona. Baba, sisi hatukuja kwa kelele wala kwa wakili. Tunataka uje nyumbani utase, tumzike mtoto. Ni mdomo mmoja tu wa maji."

Gilbert aliwasha kompyuta, akaizima. "Mama, mnielewe, mimi siwezi kutasa kama mwenyekiti. Nikitasa ni kama nimesema kamati ilikosa. Na kamati haikukosa. Jaketi zilikuwepo. Hilo lazima lieleweke. Zilikuwepo."

"Zilikuwepo," Tryphena alikubali.

"Shida ilikuwa ratiba ya mgeni rasmi."

"Basi njoo kama Gilbert," Elsie alisema. "Mwenyekiti umwache hapa kwa kiti chake."

Gilbert alicheka kwa adabu. Kisha aliacha kucheka, kwa sababu jambo lingine lilikuwa limemfikia. "Mnasema ziwa liko Marungu? Lote?"

"Nusu."

"Nusu inatosha." Alizungusha kiti chake akatazama ramani ukutani. Mtu wa Voi alikuwa akipoteza asubuhi nzima kwenda Chala. Marungu angefika chai ikiwa bado moto. "Nitakuja," alisema, akawashika mikono wote wawili. "Mama Sylus, nitakuja mimi mwenyewe. Na sitakuja mikono mitupu."

Kwenye gari la kurudi Tryphena alishika chupa ya soda ambayo hakuinywa. "Amesema atakuja," alisema.

"Hata ukame husema utaisha," Elsie alijibu.

Gilbert alitimiza. Kabla hajaja mwenyewe, walikuja watu wake na nguzo, waya, lango na bango lenye picha ya mwanamke anayecheka ndani ya maji. Mashua ziliteremshwa kutoka kwenye lori. Matanga yalikuwa bado hayajaisha, kwa sababu matanga hayaishi mtu akiwa hajazikwa, kwa hivyo bango liliwekwa kando ya hema, na wageni wa msiba na wageni wa burudani walitumia lango moja. Walitenganishwa kwa mavazi. Jumamosi ya kwanza walikuja watu wa Voi na magari yao, mipira na nyama ya kuchoma. Walikuwa na heshima. Wakipita hemani walivua miwani ya jua, wakasema "Poleni," wakavaa tena.

Jirani mmoja alikuja na mitungi yake, maana kioski cha maji kilikuwa kimefungwa tangu mwezi uliopita. Mlinzi wa lango alimzuia.

"Haya maji ni ya burudani, mzee," alimwambia.

"Na ya kunywa?"

"Ya kunywa endelea kununua kama kawaida."

Jirani aliona ni haki. Alifunga mitungi yake kwenye baiskeli akaenda.

Lynn alikuja kila Jumamosi lakini hakuogelea. Alikaa na Tryphena kwenye mkeka, akimsaidia kuchambua chochote kilichokuwepo. Wageni walipomwona Sylus kule chini walishusha sauti, kisha wakatoa simu. Kamati iliweka kibao kilichosema *Tafadhali usimsumbue marehemu*. Wengi walikifuata.

"Mum, niwafukuze?" Lynn aliuliza siku moja. "Kuna mmoja anajipiga selfie naye. Si hiyo ni ushenzi?"

"Anatabasamu?"

"Nani, huyo wa selfie?"

"Sylus."

Lynn alitazama vizuri. "Hapana. Analala tu."

"Basi mwache. Alikuwa anapenda watu."

Siku ya uzinduzi ilifika. Mgeni rasmi alituma mwakilishi, mwakilishi akatuma mwakilishi wake, mama mmoja mnene mwenye kofia aliyekuwa akiuliza wenzake hapa ni wapi. Jaketi zililetwa kwa lori kutoka Chala, Bonface akiwa amekaa juu yake, amezikumbatia. Zilipangwa mezani, ndani ya plastiki. Utepe ulifungwa kuanzia nguzo ya lango hadi nguzo ya hema la matanga, kwa kuwa hapakuwa na nguzo nyingine.

Gilbert alihutubia. Alisema burudani ni haki ya kila mwananchi. Alisema ziwa limeonyesha mfano wa kusogeza huduma karibu na watu. Alisema usalama ni jambo ambalo kamati inalipa kipaumbele, akainua jaketi moja, na plastiki ikameremeta juani. Watu walipiga makofi. Mama wa kofia alikata utepe, na hema la matanga likalegea kidogo upande mmoja.

Hapo ndipo Elsie alisimama, na kitambaa chake cha kanisa, mkononi kikombe cha maji. Alipita mbele ya meza akamwekea Gilbert kikombe mkononi kabla ya mtu wa ratiba kujua kama ameandikwa.

"Ulisema utakuja," alimwambia. "Umekuja. Asante. Sasa baba, tafadhali."

Gilbert alitazama kikombe. Alitazama watu. Alikuwa Mdawida kama wao. Nyanya yake wa Wundanyi alikuwa amemtasia mara nyingi kabla ya mitihani, na hakuhitaji kuelezwa. Alijaza mdomo.

Mtu alizima spika. Ziwa liliacha kusonga mpaka mawingu yaliyokuwa ndani yake yakasimama. Na Sylus alianza kuja. Alipanda kutoka maji ya kifuani hadi ya kiunoni, kutoka ya kiunoni hadi ya magotini, bila kutikisa maji, mpaka akafika ukingoni kabisa, na maji yakamteleza usoni, na uso wake ukapata hewa. Tryphena alikuwa tayari amevua leso ya juu. Aliitandaza kwenye udongo mwekundu, akapiga magoti, akamshika mwanawe kola ya shati. Kola ilikuwa nyepesi. Kwa mara ya kwanza ilikuwa nyepesi kama nguo.

"Njoo," alimwambia.

Gilbert alisimama mashavu yamejaa. Alikuwa na macho ya mtu anayetaka. Wengi waliokuwepo walisema hivyo baadaye, na hata Elsie hakukataa. Lakini kila aliyekuja alikuwa ameinua simu, na mama wa kofia alikuwa amemwinamia akimwuliza kwa sauti ya chini, "Hii nayo inamaanisha nini?" Gilbert hakuweza kumjibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Ili amjibu, ilibidi mdomo uwe wazi. Kulikuwa na njia mbili za kuufungua.

Alimeza.

Kila mtu alisikia. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliye na kiu ya kawaida.

"Ni ukarimu wa watu wa hapa," Gilbert alimwambia mama wa kofia. Kisha akazungumza kwenye kipaza sauti. "Asanteni kwa maji. Ni matamu."

Kola ilizidi uzito mikononi mwa Tryphena. Aliishikilia. Lynn alikuja akamshika kiuno, Bonface akaacha jaketi akaja akamshika Lynn, na wote watatu walivutwa mpaka maji yakawafika shingoni. Hapo Tryphena aliachilia, kwa sababu Lynn pia hakujua kuogelea vizuri na alikuwa mtoto wa mtu. Sylus alirudi kulala alikokuwa, mkono chini ya shavu.

Ratiba iliendelea na wimbo kutoka kwa kwaya.

Jaketi zilirudishwa stoo jioni hiyohiyo, stoo mpya iliyojengwa nyuma ya choo cha Tryphena. Mmoja wa vijana waliokuja kuogelea alimwuliza Bonface kama sasa zinaweza kutumika, kwa kuwa zimezinduliwa. Bonface alikuwa ameuliza swali hilo yeye mwenyewe, akajibiwa kwamba kuzindua ni kitu kimoja na kukabidhi ni kingine. Hafla ya kukabidhi ilikuwa inapangwa.

Ziwa halikuondoka. Mgeni aliyekuja kwa msiba haondoki maiti ikiwa uani. Watu wa Chala waliuliza kwa adabu litarudi lini, wakaambiwa jambo bado. Matanga nayo yaliendelea, ingawa hema lililokodishwa lilichukuliwa na mwenyewe, na waombolezaji wakabaki Tryphena, Elsie, na Jumamosi Lynn.

Jumamosi moja mwalimu aliyeitwa Thadeus, mtu mzito kutoka Voi, alisimama kwenye mashua ili apigwe picha, akaanguka. Mashua ilikuwa imefika mbali. Wenzake walipiga kelele. Thadeus alizama kabisa, miguu na kichwa, halafu akarudi juu upesi kama kifuniko cha chupa, akaendelea kuja, amelala chali, mpaka ukingoni, akawekwa mchangani. Alikaa pale akitema maji.

"Kuna mtu amenisukuma kutoka chini," alisema. "Kwa mkono."

Baada yake alianguka msichana aliyetoka kusherehekea kuhitimu chuo. Halafu baba na mwanawe kwa pamoja. Wote walisukumwa juu, wote wakawekwa mchangani palepale, karibu na mkeka wa Tryphena. Mtindo wao ulikuwa uleule: kwanza walikohoa, kisha walitazama nyuma, kisha wakasema kuhusu mkono. Tryphena aliwapa chai.

Habari zilimfikia Gilbert, akaja mwenyewe kuwashukuru wote waliohusika. Tangu ziwa lihamie Marungu, alisema, hakuna hata mtu mmoja aliyezama, na hiyo ni rekodi ambayo hata wenye bahari hawana. Kwa hivyo kamati haikuona haraka ya hafla ya kukabidhi.

Tryphena alimfuata mpaka kwenye gari. Alikuwa amebeba kikombe.

"Bado kuna maji," alimwambia. "Hakuna watu leo. Hakuna simu. Mimi na wewe tu, na wifi yangu, na yeye hataongea."

"Sitaongea," Elsie alisema kutoka mlangoni.

Gilbert alishusha kioo cha gari. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Mama Sylus, hebu tufikiri pamoja. Kijana wako anafanya kazi nzuri sana pale. Tukimtoa, tutaweka nani?"

Tryphena alifikiri. Alitazama maji, ambako watoto wa mtu fulani walikuwa wakirukaruka kwenye ukingo wa mashua, vifua wazi, bila kitu kilichowafunga ila nguo za kuogelea. Alimwaga maji ya kikombe chini, gari likaondoka.

Siku hiyohiyo, kabla ya jua kutua, mmoja wa wale watoto alianguka, akasukumwa juu, akaja kuketi kwenye mkeka akitetemeka. Alikuwa msichana wa darasa la nne. Tryphena alimfunika kwa leso akamshika mikono yake midogo kuipasha moto.

"Huo mkono uliokusukuma," alimwuliza, "ulikuwa baridi?"

"Baridi sana, shosho."

"Sana?"

"Kama wa mtu amesahau kuvaa."

Tryphena aliingia ndani. Alipekua sanduku, akatoka na sweta ya kijani ya sufu iliyofumwa kwa mkono, ya Sylus ya kupanda Vuria. Alikwenda mpaka ukingoni, akaikunjua mikono yote miwili, akaiweka juu ya maji. Haikuelea. Ilishuka moja kwa moja, mabega yakitangulia, kama nguo inayovalishwa.

Jumamosi iliyofuata alianguka karani mmoja wa Mwatate. Alipofika mchangani alikohoa, akatazama nyuma, akasema mkono uliomsukuma ulikuwa na sufu.